Mtoto Aliyezaliwa na Adabu

Nyinyi mnaoanza kazi mnapenda sana kugusa. Nimewaona. Mtoto analetwa, mama yake hata hajakaa sawasawa kwenye benchi, na tayari mmeshamshika mkono, mnamkunjua vidole kama mtu anayefungua kifurushi cha mwenziwe. Mtoto analia, mama anaomba radhi kwa niaba yake, nanyi mnaandika kwenye faili: "Mtoto hatoi ushirikiano." Mtoto wa miezi saba! Ushirikiano angeutoa wapi? Ningekuwa mimi nimekunjuliwa vidole na mtu nisiyemjua, mwenye mikono ya baridi iliyotoka bombani sasa hivi, ningewauma, na mimi meno ninayo.

Kaeni kwanza. Wekeni kitu kizuri mbele ya mtoto, kisha mtazame ni mkono upi unaokuja kukichukua. Halafu tazameni ule ambao haukuja. Kazi yetu iko kwa huo ambao haukuja.

Hilo nilifundishwa darasani Nairobi, nikaliandika kwenye mtihani, nikapita vizuri, nikarudi Pwani nikijiona nimebeba maarifa ya kutosha mkoa mzima. Lakini kulielewa nilikuja kulielewa nyuma ya Msambweni, kwenye baraza ya Bi Mwanakombo, mbele ya mtoto aliyesifiwa na majirani wote kwa adabu zake.

Kabla sijafika huko, niseme jambo moja kuhusu jina la kazi yetu. Siku hizi mkisema mnafanya tiba ya kazi, watu wanatikisa kichwa kama wanaelewa. Sisi, miaka ya themanini ikielekea mwisho, jina hilo lilitutesa. Mara ya kwanza nilipotumwa Kinango nilikuta vijana wamejipanga nje ya zahanati wakiwa na vyeti vya shule mikononi. Walikuwa wamesikia kwamba serikali imeleta mtu wa kazi. Nikawaeleza kwamba mimi ninawasaidia watu, hasa watoto wadogo, waweze kufanya shughuli zao za kila siku.

"Mtoto mdogo ana shughuli gani?" akauliza mmoja.

"Kucheza," nikamjibu.

Wakatazamana. Yule kijana akakunja cheti chake polepole, akaniambia kwa huruma ya kweli, "Pole, kaka. Hata wewe hukupata."

Basi. Siku niliyokutana na mtoto huyo, Saumu, ilikuwa siku ya chanjo pale kliniki ya Msambweni. Mama yake, Mejumaa, alikuwa msichana mwembamba aliyeolewa si zamani, na huyo ndiye mtoto wake wa kwanza. Mumewe alikuwa akifanya kazi ya kufua nguo katika hoteli moja ya Diani na hakuonekana nyumbani ila kwa nadra, kwa hivyo Mejumaa alikuwa akiishi na mama mkwe. Alingoja wenzake wote wakaondoka. Kisha akasimama mlangoni kwangu, mtoto begani, akauliza akiwa ametazama sakafu:

"Daktari, mtoto kufumba mkono ni ugonjwa?"

Nikamwambia mtoto mchanga hufumba mikono yote miwili, hiyo si ajabu. Miezi mitatu au minne ikipita, huanza kuifungua na kuitazama kama mtu aliyepewa saa mpya. Nikamwomba akae. Saumu alikuwa na miezi saba. Mkono wa kulia ulikuwa wazi na ulishapata kazi, unavuta ushungi wa mama yake. Wa kushoto ulikuwa ngumi, na kidole gumba kimejificha ndani ya ngumi.

"Nyumbani wanasema ni adabu," akasema Mejumaa.

Sikumwelewa. Nikamuuliza adabu gani.

"Njoo uone mwenyewe. Nikisema mimi, nitaonekana mke mgeni anayetafuta ila katika nyumba ya watu. Ukisema wewe, una koti jeupe."

Nikaenda na koti langu jeupe, nikiwa nimelipiga pasi. Nilikuwa na pikipiki ya ofisi, na nyuma yake nilifunga mfuko wa michezo kutoka Nairobi: pete za plastiki za rangi, njuga, na mdoli mwenye macho ya bluu. Huyo mdoli, niwaambie mapema, hakuna mtoto wa Kwale aliyewahi kumpenda. Walikuwa wakimtazama kwa muda, kisha wanalia.

Bi Mwanakombo, huyo mama mkwe, alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho ya kucheka na mdomo usiocheka, na katika mtaa ule yeye ndiye aliyekuwa mahakama ya adabu. Mtoto akipita bila shikamoo, aliitwa arudi alikotoka aanze safari upya. Mimi mwenyewe shikamoo yangu ilipimwa, ikakubaliwa, kisha nikaulizwa ni mtoto wa nani na wa wapi. Nikasema mimi ni Mutua, wazazi wangu ni Wakamba, lakini nimezaliwa papa hapa, Shimba Hills.

"Shimba Hills," akasema, "ni bara iliyopotea njia. Karibu, mwanangu. Utakunywa chai."

Kisha, kabla sijasema neno juu ya mkono, akaanza kunionyesha mjukuu wake kama mtu anayeonyesha seti ya vikombe vya arusi.

"Huyu, daktari, kazaliwa na adabu. Watoto wengine mpaka uwachape vikono, uwafunze huu ni wa kulia, huu ni wa kushoto. Huyu hajafunzwa na mtu. Kitu chochote umpacho anapokea kwa mkono wa kulia. Chochote! Wa kushoto hautoi kabisa. Mashaallah. Hebu mtazame."

Akamtolea Saumu kijiko cha mti. Ukaja mkono wa kulia, ukakishika. Majirani waliokuwa barazani wakasema mashaallah. Akakihamisha kijiko upande wa kushoto kabisa, karibu na ile ngumi. Mkono wa kulia ukasafiri, ukavuka kifua na tumbo, ukajinyoosha, mtoto akakaribia kupinduka, na kijiko akakipata. Mkono wa kushoto ulikuwa hapo hapo, jirani wa mlango kwa mlango, na haukujishughulisha.

"Waona?" akasema Bi Mwanakombo. "Hata ukimtega!"

Ndugu zangu, nyinyi mmezaliwa mnajua jambo hili kwa sababu mnalipata kwenye simu. Mtoto wa umri ule hana mkono anaoupenda. Kwake yote ni mikono tu; kilicho kulia anakichukua kwa kulia, kilicho kushoto kwa kushoto, na vyote anavitia mdomoni. Kupendelea mkono mmoja huja baadaye, mwaka ukipita na zaidi. Mtoto akichagua mapema namna ile, si adabu. Ni kwamba mkono mmoja hauitiki. Lakini niambieni, ni wapi tena duniani mtu angeliona jambo hilo akalipigia vigelegele? Mahali ambapo wa kulia ndio wa kula, wa kusalimia na wa kutoa, na wa kushoto ni wa chooni, Saumu alikuwa mtoto wa mfano.

Nilipaswa kunyamaza, ninywe chai, nirudi kesho. Badala yake nilisimama na kutoa mhadhara. Nilisema mtoto ana mtindio wa ubongo. Nilisema mkono wenyewe ni mzima, mifupa mizima, ila sehemu ndogo ya ubongo iliumia kabla ya kuzaliwa au wakati wa kuzaliwa, kwa hivyo amri hazifiki. Nilisema ubongo wa upande wa kulia ndio unaoongoza mkono wa kushoto, na wa kushoto unaongoza wa kulia.

"Kwa hiyo hata kichwani vitu vimewekwa kombo?" akauliza jirani mmoja.

Nikasema ndiyo, ndivyo tulivyoumbwa. Nikaona Bi Mwanakombo ameacha kutabasamu kwa macho pia.

"Mjukuu wangu ana ubongo mbovu," akasema.

"Sikusema mbovu, mama. Nimesema..."

"Umesema mbele za watu."

Hapo Mejumaa, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, akasema kwa sauti ndogo kwamba kila akimwogesha mtoto, ngumi ile haifunguki, na ndani yake mna maziwa yaliyoganda na harufu. Jirani mmoja akachukua kikombe chake. Ilikuwa kana kwamba sinia ndilo lililosema.

Na mimi, badala ya kuushika uzi ule alionitupia, nikaendelea na tiba. Nikaeleza kwamba ubongo wa mtoto mdogo bado unajifunza, na mkono usiotumiwa sasa unazidi kusahauliwa; ukiachwa, utakaza, na akiwa msichana mkubwa hautafunguka kwa nguvu za mtu yeyote. Hiyo ilikuwa kweli. Nikasema dawa ni kumfunika mkono wa kulia kwa muda mfupi kila siku wakati anacheza, ili wa kushoto ulazimike kutoka. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Na kwa kuwa nilitaka kuonyesha na sikuwa na kitu, nikavua kiatu, nikavua soksi yangu.

Nawaomba muichore picha hiyo akilini. Koti jeupe, mguu mmoja mtupu, soksi mkononi.

"Hiyo," akasema Bi Mwanakombo, "umeivua mguuni, unataka kumvisha mtoto kwenye mkono anaolia chakula?"

"Ni mfano tu, mama."

"Umfunike mkono wa kulia, umwachie wa chooni acheze nao. Akue hivyo. Siku moja akae kwenye sinia na wenziwe atie huo wa kushoto kwenye wali, watu waseme mjukuu wa Mwanakombo hakufunzwa. Wewe umetumwa na nani, mwanangu?"

Chai nilipewa, na mahamri pia, kwa maana adabu ni adabu. Nilipoaga niliambiwa, "Karibu tena siku nyingine, Mungu akipenda," na kila mtu pale barazani alielewa kwamba Mungu ameshaulizwa na hapendi. Kutoka siku ile, kuanzia Msambweni mpaka Kona ya Musa, jina langu likawa Daktari Soksi.

Nilirudi mara ya pili kwa ujanja wa kisomi. Kama soksi imekataliwa, banzi la kunyoosha kiganja litakubaliwa, maana banzi linafanana na hospitali. Nilikuwa nimepata kipande cha ile plastiki inayolainika kwa maji ya moto, ambayo enzi hizo ilikuwa adimu kama theluji. Nikakaa jioni nzima nikikifinyanga kwa vipimo nilivyokisia, kikawa kibanzi kidogo chenye umbo la kiganja kilicho wazi, na mahali pa kidole gumba. Kizuri mno. Nikakifunga juu ya kiti cha pikipiki, nikafika, nikaegesha juani, nikaingia kusalimu. Salamu za kule si za kukatiza. Tuliulizana habari za watu wote walio hai na baadhi ya waliokufa. Nilipotoka kukichukua kibanzi changu, jua lilikuwa limeshakirudisha kilivyotoka kiwandani. Kilikuwa bapa, kimelala juu ya kiti kama chapati.

Bi Mwanakombo akakigeuza huku na huku. "Hii ndiyo tiba?"

"Ilikuwa."

"Basi si haba." Akaweka mahamri mawili juu yake, akaniandalia. Nikala tiba yangu kimya kimya.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa Bi Agneta, Mtaita mwenye sauti ya kengele ya shule, aliyenitangulia katika fani hii kwa miaka mingi. Nilipomsimulia alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa.

"Umekwenda kumshinda yule mama," akasema. "Na ukimshinda utafanya nini? Utarudi na ushindi wako hapa ofisini, na mtoto atabaki na mkono wake kule."

"Sasa nifanyeje? Miezi inapita."

"Umewaeleza unataka mkono ule ufanye nini. Umewauliza wao wanataka ufanye nini?"

Nikamwambia hilo ni swali la mtu mzima aliyevunjika mkono, si la mtoto wa miezi minane.

"Mutua," akasema, "mkono hauna masikio. Zungumza na wanaoubeba."

Nikarudi mara ya tatu, bila koti. Pikipiki niliiacha mbali, nikapita njia ya shambani, katikati ya minazi. Nilimkuta Bi Mwanakombo amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi, na Mejumaa anapepeta mchele. Saumu alikuwa mkekani, mkono mmoja kazini, mmoja likizoni. Nikasalimu, nikakaa chini, nikauliza swali nililotumwa.

"Bi Mwanakombo, nataka kujua kitu. Wewe ungependa mkono wa kushoto wa Saumu ufanye nini?"

"Usifanye kitu. Umetulia, uache utulie."

"Hata mmoja tu?"

"Daktari Soksi, mimi nina nazi hapa."

Mejumaa hakuinua uso kutoka kwenye ungo. Akasema, "Na chooni, mama? Ataenda na upi?"

Nazi ikaacha kukunwa.

Vijana, mimi nimekaa kwenye mikutano ya wataalamu, nimesikia hoja nyingi, lakini sijasikia iliyotua vile. Msichana aliendelea kupepeta, makapi yanaruka, kama aliyeuliza habari za mvua.

"Maana," akasema, "kama wa kushoto haufunguki, atajisafisha kwa huo wa kulia. Kisha aje nao kwenye sinia."

Bi Mwanakombo akanitazama mimi, si mkwewe, na mimi nikapata jambo la maana sana la kutazama juu ya mnazi. Nilidhani nimefukuzwa tena, na safari hii pamoja na Mejumaa. Yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza pale. Mimi ningerudi kwangu, lakini yeye angelala katika nyumba ile.

Ndipo Bi Mwanakombo akafuta mikono yake, akamchukua mjukuu wake, akamweka mapajani. Akaishika ile ngumi. Nadhani alikuwa hajawahi kuishika kwa kuishika. Akajaribu kuifungua, haikufunguka. Akajaribu tena kwa upole zaidi.

"Na dua," akasema, karibu kama anajisemea. "Ataombaje dua?"

Mimi ni Mkristo wa Shimba Hills, lakini nilikuwa nimeishi na watu vya kutosha. Dua huombwa kwa viganja viwili, vimekunjuliwa, vimeelekezwa juu. Hakuna anayeomba kwa ngumi.

"Nifundishe," akaniambia. Kisha, kwa sababu alikuwa ni yeye, akatoa masharti. Mkono wa kulia hautafunikwa wakati wa kula. Hautafunikwa mbele za wageni. Na soksi yangu haitaingia nyumbani kwake hata ikichemshwa.

Mejumaa akashona kifuko kidogo cha kipande cha leso kuukuu, chenye kamba ya kufunga kifundoni bila kukaza. Naomba mkione hicho kifuko, maana sasa nyinyi mna jina refu la njia hii na vitabu juu yake, lakini kazi ni ile ile. Kifuko si pingu. Kinavaliwa mtoto akiwa ameshiba, amelala vizuri, ana furaha, na kinavuliwa akiwa bado anacheka. Akianza kukasirika umeshachelewa. Na mbele yake pawe na kitu kinachostahili tabu. Pete zangu za Nairobi Saumu alizitazama kama mtu anayeonyeshwa vyombo vya watu wengine. Alichokitaka ni kifuu cha nazi, kilichosuguliwa kikalainika, kwa sababu kila siku alikiona mikononi mwa nyanya yake na kikianguka kinapiga kelele.

Basi tukaweka kifuu juu ya kopo, upande wa kushoto. Mkono wa kulia ukatoka umevaa leso, ukateleza. Ukateleza tena. Saumu akautazama kwa mshangao, kama bwana aliyeletewa chai bila sukari. Halafu, baada ya siku nyingi za mchezo huo huo, ngumi ya kushoto ikaondoka mahali pake, ikayumba, ikagonga kopo, na kopo na kifuu vikaanguka vyote. Bi Mwanakombo akapiga kigelegele. Mtoto akashtuka akalia, na mkono haukutoka tena wiki nzima. Andikeni hilo: furaha nayo ina kipimo.

Nikawafundisha kuifungua ngumi wakati wa kuoga, maji yakiwa na uvuguvugu. Msivute vidole. Inamisheni kwanza kiganja chini taratibu kwenye kifundo, mtaona vidole vinalegea vyenyewe, kama mtu anayesahau alichokasirikia. Gumba lishikwe shinani, si nchani. Kisha mtoto alazwe kifudifudi juu ya kitu cha duara, mikono ielekee mbele, viganja viguse chini, uzito ukae juu yake. Nairobi tulikuwa na mto wa ngozi kwa kazi hiyo. Msambweni tulikuwa na paja la Bi Mwanakombo, na lilikuwa bora, kwa sababu mwenye paja alikuwa akiimba.

Tatizo jipya likawa ni kumzuia. Mwanamke aliyekataa soksi sasa alikuwa mkali kuliko mimi. Siku moja nilifika nikakuta kifuko kimevaliwa tangu asubuhi, Saumu amenuna, amelala kwa hasira, hataki mkono wowote.

"Bi Mwanakombo, hata wewe ukifungwa mkono uliouzoea kutwa nzima utatukana."

"Mimi situkani."

"Utawaza."

Akafikiri. "Nitawaza," akakubali, akakivua.

Mejumaa ndiye aliyepata njia ya kuunganisha mikono yote miwili, na hiyo ndiyo shabaha hasa. Mnisikilize vizuri, kwa kuwa wengi wenu mnaishia kwenye kifuko: hatutaki mtoto mwenye mkono wa kushoto hodari, tunataka mtoto mwenye mikono miwili. Akakifanya kile kifuu kuwa kikombe cha uji. Kifuu hakina mpini. Ukikishika kwa mkono mmoja kinazunguka na uji unakumwagikia. Saumu alimwagikiwa, tukamwagikiwa sote, na mwishowe siku moja wa kushoto ukaja kuegemea upande wa pili, haujakunjuka, ngumi tupu, lakini umekuja. Bi Mwanakombo alitia mkono wake mwenyewe mdomoni asipige kigelegele.

Sitawadanganya. Mkono ule haukuwa kama wa kulia, na mpaka leo hauko hivyo. Hautungi shanga. Mzazi akiwauliza kama utapona, msimpe ahadi ya kumfurahisha ili muondoke mapema. Mwambieni utasaidia, na kusaidia si kitu kidogo. Mkono unaokamata sufuria wakati mwenziwe anakoroga ni mkono kamili kwa sufuria hiyo.

Saumu alikuwa keshaanza kutembea, kwa mwendo wake wa kuinama upande kidogo, nilipoalikwa nyumbani kwao kwenye dua ya kumrehemu marehemu mume wa Bi Mwanakombo. Nilikaa kwenye mkeka na wanaume, karibu na mlango. Wanawake walikuwa upande wa pili wa pazia lililokuwa limefunguliwa nusu kwa ajili ya joto, kwa hivyo niliwaona: Bi Mwanakombo mbele, Mejumaa kando yake, si nyuma yake tena, na Saumu amekaa kati yao kwa gauni la manjano. Masinia ya biriani yalishapangwa. Aliyeongoza alikuwa shemeji wa Bi Mwanakombo, Mwalimu Omari wa madrasa, mtu wa heshima kubwa, mwenye sifa moja ndogo: dua zake zilikuwa zikienda kasi kwa kadiri ya harufu iliyotoka jikoni. Siku ile harufu ilikuwa kali.

Akasafisha koo. Mikono ikainuka nyumba nzima, viganja juu. Hata yangu niliiinua, ya Shimba Hills, nisijue niiweke umbali gani na uso.

Saumu akatazama watu kulia na kushoto. Akainua mkono wake wa kulia, kiganja wazi, vizuri kabisa. Wa kushoto ulikuwa mapajani, umelala. Akautazama. Mwalimu Omari akavuta pumzi ya kuanza.

"Ngoja, Mwalimu," akasema Bi Mwanakombo, kwa sauti iliyosikika pande zote mbili za pazia.

Nyumba ikageuka. Mwalimu Omari akabaki mdomo wazi, mikono juu, biriani ikifuka moshi mbele yake.

"Kuna nini, shemeji?"

"Kuna mkono haujafika."

Hakuna aliyecheka. Saumu akaushusha wa kulia, akaenda nao mpaka mapajani, akaukamata mwenziwe kwenye kifundo kama unavyomwamsha mtu uliyeambiwa usimshtue, akauinamisha kidogo, vidole vikalegea. Akaupandisha. Ukashuka. Akaupandisha tena. Niliona midomo ya Mejumaa ikitikisika, na dua ilikuwa haijaanza. Gumba likatoka ndani, likachungulia, likarudi.

"Mwalimu, wali unapoa," akanong'ona mzee mmoja kando yangu.

"Na upoe," akasema Mwalimu Omari.

Tukangoja.